Tusikimbilie Ziwani Mikono Mitupu

Mtu akisimama baada ya Misa na kutangaza kwamba Jumamosi ijayo sote tutakwenda ziwani kung'oa magugu ya maji, watu hupiga makofi. Vijana hutafuta ngoma, akina mama huulizana nani atapika, na kabla jua halijatua kila mmoja anajua atavaa nini. Lakini ulizeni swali moja tu: "Tutang'oa nini?" Hapo mtasikia kimya.

Kimya hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Sisi twaipenda kazi hiyo, na twataka ifanyike hapa Mwadingusha. Hata hivyo twasema waziwazi, ingawa wengine watachukizwa: siku ya kung'oa magugu isiyotayarishwa yaweza kuleta hasara kubwa kuliko kukaa nyumbani.

Tukumbuke kwanza ziwa letu ni kitu gani. Tshangalele halikuwako tangu kale. Lilizaliwa pale Union Minière du Haut-Katanga ilipouziba mto Lufira juu ya maporomoko yaliyoitwa Cornet, ili maji yaanguke zaidi ya mita 100 na kuzungusha mitambo ya umeme. Mitambo ilianza kazi mwaka 1930. Baadaye ikachakaa, ikatengenezwa upya, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2021. Maji yaliyozuiwa yalitanda bondeni, mapana lakini si ya kina kirefu. Penye maji ya namna hiyo, yaliyotulia, yenye jua na tope la rutuba, mimea ya maji hustawi. Mafunjo na matete yakapata makao, ndege wakafuata, samaki wakapata mahali pa kutagia mayai, nasi tukapata kitoweo. Mwaka 1982 UNESCO ililiandika eneo la Lufira kuwa hifadhi ya viumbe, na mwaka 2017 bonde la mto huo likaingia katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya nchi za majimaji zinazostahili kutunzwa kwa faida ya mataifa yote.

Basi, ziwa hili si dimbwi la kuchezea. Yeyote anayeingia humo na panga hana budi kujua anakata nini.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Kwa macho ya mtu asiyejua, kila jani linalosimama majini ni gugu. Atafyeka mafunjo, atafyeka matete, atasimama ufukweni jasho likimtoka na kusema: "Tazameni, tumesafisha!" Amesafisha nini? Amevunja nyumba ya samaki. Mafunjo na matete ni wenyeji wa maji yetu. Huzuia udongo usiteremke ziwani, huchuja maji machafu, huwaficha vifaranga vya samaki wasiliwe. Sote tunaujua mfano wa Injili wa yule mwenye shamba aliyewakataza watumishi wake kung'oa magugu kwa pupa, wasije wakaing'oa na ngano. Je, sisi tuna macho makali kuliko wale watumishi?

Mgeni tunayemwogopa ni mwingine. Mkuu wao ni gugu-maji, lile lenye majani ya kijani yanayong'aa, mabua yaliyovimba kama vibofu, na ua la zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani, nalo likatoroka. Katika miaka ya 1950 lilionekana katika mto Kongo, likaenea upesi, na serikali ya Wabelgiji ikatumia fedha nyingi kulinyunyizia dawa. Likafa huku, likachipua kule. Hadi leo visiwa vyake vya kijani vyaelea mbele ya Kinshasa.

Tazameni yaliyowapata majirani zetu wa mashariki. Katika ziwa Victoria gugu hilo lilionekana karibu na mwaka 1989. Halikupita hata miaka kumi, na ilipofika mwaka 1998 lilifunika karibu hekta 20,000. Mitumbwi ilikwama, wavuvi wa Kisumu walikaa ufukweni wakiyatazama maji wasiyoweza kuyafikia, na huko Jinja magugu yalisumbua hata kituo cha umeme cha Owen Falls. Sisi tunaokaa kando ya mitambo ya Mwadingusha tusiisome habari hiyo kama hadithi ya mbali.

Je, waliliondoaje? Watu wengi waling'oa kwa mikono, nao walifungua njia za mitumbwi na mahali pa kuteka maji. Hiyo ilikuwa faida ya kweli. Mashine pia zililetwa. Lakini kilichopunguza magugu katika ziwa lote kilikuwa hasa mdudu mdogo, aina ya fukusi, aliyeletwa kutoka nchi ya asili ya gugu lenyewe. Uganda walimwachilia mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, tena baada ya wataalamu kumchunguza kwanza wahakikishe hatakula mazao ya watu. Mvua kubwa na mawimbi ya mwaka 1997 na 1998 yakasaidia. Hata hivyo, miaka michache baadaye, gugu lilirudi katika ghuba ya Kisumu. Kwa nini? Kwa sababu mbegu zake huzama topeni na kukaa hai zaidi ya miaka 15, na kwa sababu taka za mashamba na miji ziliendelea kulilisha.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Hekta moja iliyofunikwa na gugu-maji yaweza kuwa na mzigo wa tani 200 au zaidi, ambao zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji matupu. Parokia ikileta watu 100, kila mtu atabeba tani 2 kwa siku moja. Nani ataweza? Basi anayeahidi kwamba tutasafisha ziwa kwa Jumamosi moja anatudanganya, au hajawahi kulibeba gugu lililolowa.

Wengine watatujibu: "Kama ni hivyo, tuache. Ni kazi ya Serikali na ya wenye mitambo." Jibu hilo twalikataa. Ni kweli kwamba anayefaidiwa na maji zaidi anadaiwa zaidi, na anayemwaga uchafu mtoni lazima aulizwe. Tuwaulize, tena kwa barua na kwa adabu, bila kuchoka. Lakini gugu halingoji majibu ya ofisi. Shina moja lililopotea huzaa jingine kwa kikonyo kitambaacho juu ya maji, na katika muda wa wiki mbili mashina yaweza kuwa maradufu. Anayeliona shina la kwanza ni mvuvi, wala si mkubwa wa Kinshasa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine, hasa wazee, hucheka kwa uchungu wakisikia habari ya kazi ya wote. Hukumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: kutoka kwa amri, kufyeka kwa hofu, na kesho yake nyasi zilezile. Twawaelewa. Lakini dawa ya kazi ya kulazimishwa ni kazi ya hiari inayofanywa kwa akili, na mtu aliyejitolea nguvu zake bure ana haki ya kujua kwamba nguvu hizo hazitupwi. Kuwaita watu mia bila matayarisho ni kuwavunjia heshima.

Tusemeje basi? Twasema kwamba mambo manne yafanyike kabla ya siku kutangazwa.

La kwanza ni kwenda kuona. Wachaguliwe watu wachache, wavuvi wakiwa ndio viongozi, wazunguke ufuko kwa mtumbwi. Waandike wapi pana mmea mgeni, ni mmea gani, na eneo lake lina upana gani. Palipo na shaka wachukue jani na ua, wamwonyeshe mtaalamu wa mimea huko Likasi au Lubumbashi. Wakirudi na kusema, "Hapa pote ni mafunjo na matete tu," basi tumshukuru Mungu, tubaki nyumbani, nao wavuvi waendelee kulinda. Wakikuta vichaka vitatu vya gugu-maji, hiyo ndiyo kazi yetu. Tena ni kazi tunayoiweza.

La pili ni mahali pa kulaza mzigo. Wengi hung'oa kwa bidii, kisha hurundika ufukweni. Maji yakipanda, au mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, lundo lote hurudi ziwani na kuchipua. Lazima liwekwe juu, mbali na maji, likauke kabisa. Na hapa twataka kuwaonya ndugu zetu wenye kupenda faida ya upesi, wanaosema: "Tutafanya mbolea, tutalisha nguruwe." Mahali pengine wafanya hivyo. Lakini maji yetu hupokea mito itokayo upande wa Likasi, penye viwanda vya madini. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya shaba, kobalti, risasi na madini mengine yaliyoingia katika chakula cha viumbe wa Lufira ya juu. Tena gugu-maji lajulikana kwa kufyonza madini ya namna hiyo na kuyaweka katika mizizi yake. Nani atataka kuyahamisha kutoka ziwani na kuyatia katika mchicha wa watoto wake? Mpaka mzigo huo umepimwa, usiguse bustani wala zizi.

La tatu ni usalama. Katanga twaujua ugonjwa wa kichocho tangu zamani, na konokono wanaoueneza hupenda kukaa katikati ya mimea ya maji. Nyoka nao hujificha humo. Kwa hiyo watoto wasiingie majini hata kidogo. Wakubwa wavae mabuti, wavute kwa reki ndefu na kwa kamba wakiwa ufukweni au ndani ya mtumbwi, na wasioweza kuogelea wasipande mtumbwi. Wavuvi ndio waseme wapi pana mamba au kiboko, nao wasikilizwe. Baada ya kazi, nyavu, mitumbwi na mabuti vikaguliwe, maana kipande kimoja kilichonasa katika wavu huanzisha shamba jipya upande wa pili wa ziwa.

La nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni siku za baadaye. Nani atarudi wiki ya tatu kuokota machipukizi? Nani atarudi baada ya mwezi, na baada ya mwaka? Majina yaandikwe kabla ya siku ya kwanza. Kila jumuiya ipewe kipande chake cha ufuko, kidogo kinacholingana na nguvu zake: gati la mitumbwi, mahali pa kuteka maji, mdomo wa kijito. Tuanze wakati wa kiangazi, gugu likiwa bado halijatoa mbegu.

Mfano wa uvumilivu tunao karibu, kwa ndugu zetu wa Zambia. Katika uwanda wa mto Kafue, ndani ya hifadhi ya Lochinvar, mmea mwingine wa Amerika, kichaka chenye miiba kiitwacho mimosa pigra, ulikuwa mahali padogo tu katika miaka ya 1980. Hakuna aliyejali. Baada ya mabwawa ya umeme kubadili mafuriko ya mto, ulienea mpaka ukafunika zaidi ya hekta 2,000 za malisho ya wanyama na ndege. Tangu mwaka 2017 kazi ya kuuondoa ilishikwa kwa nguvu, na wenyeji waliukata kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, wakirudi palepale kung'oa miche. Nyasi zikarudi, nao ndege wakarudi. Kumbukeni: walirudi palepale.

Tunajua maneno haya hayana ladha ya ngoma. Watu hupenda kuhesabu waliofika, kupiga picha, na kusema kazi imefana. Sisi twaomba hesabu nyingine: baada ya miezi sita, shina ngapi zimebaki katika kipande tulichopewa? Kama jibu ni "hatujui", basi tulicheza. Kama jibu ni "shina mbili, na jana tumeziondoa", basi kazi ilifanyika, hata kama waliofika walikuwa watu kumi na wawili tu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, safari hii tangazo likitolewa baada ya Misa, msipige makofi upesi. Inueni mkono, mwulize: Tumekwisha kuona? Mzigo utalala wapi? Watoto watabaki wapi? Na nani atarudi? Anayetangaza akiwa na majibu manne, twendeni naye sote, na ngoma zetu pia. Asipokuwa nayo, msimcheke. Mpeni mtumbwi na wavuvi wawili, aende kwanza kutazama.