Kipimo cha haraka cha aleji kisiwe hukumu

UPIMAJI wa haraka wa damu kwa ajili ya kubaini aleji, au mzio, umerahisisha mambo. Tone la damu kutoka kidoleni huwekwa kwenye kifaa kidogo, na ndani ya nusu saa majibu hupatikana. Kwa mkulima au mwenye duka ambaye kupoteza siku nzima ni hasara, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini majibu yakisomwa vibaya, nafuu hiyo huzaa hasara nyingine.

Kifaa hicho hutafuta kingamwili za IgE, zilizogunduliwa miaka ya 1960 na watafiti waliokuwa Marekani na Sweden, na kupewa jina hilo rasmi mwaka 1968. Kwa mwenye aleji, IgE huamsha vipele, uvimbe wa midomo au kubanwa kifua muda mfupi baada ya kula karanga, yai au samaki, ama kuumwa na nyuki.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa kukutwa na kingamwili si sawa na kuugua. Wapo wafugaji wa nyuki ambao damu yao ina IgE ya sumu ya nyuki kwa kuumwa mara kwa mara, na bado wanarina asali bila madhara. Aidha, minyoo nayo hupandisha kiwango cha jumla cha IgE. Mtoto anaweza kukatazwa mayai wakati anachohitaji ni dawa ya minyoo.

Maziwa nayo yana habari yake. Watu wazima wengi hujaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa kwa sababu matumbo yao hayasagi vizuri sukari iitwayo laktosi. Hiyo si aleji, na kipimo cha IgE hakiwezi kuionyesha. Wengi wao hunywa mtindi bila shida.

Kibaya zaidi ni vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa madai ya kutambua vyakula “visivyopatana na mwili”. Mwili hutengeneza IgG kwa vyakula ambavyo mtu amezoea kula. Mwaka 2008, wataalamu wa aleji wa Ulaya walitamka kuwa kupima IgG4 hakufai kubaini mzio wa chakula. Mteja hulipa fedha nyingi, kisha hurudi na orodha ya makatazo: maziwa, mayai, ngano. Familia hupoteza lishe, na mfugaji hupoteza mnunuzi.

Ni vema mwenye dalili aanze kwa daktari na kumweleza alikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani na zimejirudia mara ngapi. Kipimo kifuate maelezo hayo, siyo kuyatangulia. Kabla ya kulipa, aulize: kinapima IgE au IgG? Ya kitu gani? Nani atafafanua majibu? Kwa upande wa Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo husimamia pia vitendanishi, ina wajibu wa kuwabana wanaouza vipimo kwa ahadi zisizo na msingi.

Anayevimba midomo na kushindwa kupumua asisubiri kipimo chochote, akimbizwe hospitali. Wengine wasiuze ng'ombe wala kuvunja mizinga kwa sababu ya majibu ya nusu saa.