Usiache Mbachao: Ziwa Letu Halitatupa Plastiki

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu sisi watu wa Rumonge ni ziwa Tanganyika na michikichi iliyotanda nyuma ya mji. Msala upitao ni mafuta ya petroli ambayo kila baada ya miaka michache huvuma kwamba yamelala chini ya ziwa hilo. Katika insha hii napinga hoja moja ambayo nimeisikia chuoni na nyumbani, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba tukiyachimba mafuta hayo tutajenga viwanda vya plastiki na kuacha kuagiza kila bidoni kutoka nje. Mimi nasoma kemia, mwaka wa tatu. Nalipenda ziwa, sifichi. Lakini hoja hiyo haianguki kwa sababu ya mapenzi yangu. Inaangushwa na kemia yenyewe.

Nianze na bidoni. Mama yangu huuza mawese, na mawese hayauziki bila bidoni. Yale ya njano ya lita 20 mengi yalifika nchini yakiwa na mafuta ya kupikia ya kigeni, yakamwagwa, yakaoshwa, yakaanza maisha ya pili kwetu. Bidoni likipasuka njiani, faida ya siku imekwenda. Kwa hiyo likizo iliyopita, binamu yangu anayesoma uchumi aliponiambia pale mwaloni, "Dada, bidoni limetoka kwenye mafuta, na mafuta tunayo chini ya maji haya, kwa nini tununue bidoni?" wazee waliokuwa wakingoja mitumbwi ya ndagala waliitikia kwa vichwa. Sikuwa na jibu la haraka. Jibu langu ni hili.

Bidoni halitoki kwenye mafuta ghafi moja kwa moja. Hutoka kwenye olefini. Hizi ni molekuli ndogo za kaboni na haidrojeni ambazo ndani yake atomu mbili za kaboni zimeshikana kwa kiungo maradufu. Ndogo kuliko zote ni ethilini, inayofuata ni propilini. Kiungo hicho kikifunguliwa, molekuli hushikana mikono maelfu kwa maelfu: ethilini huwa polithini, ndilo bidoni la mama; propilini huwa polipropilini, ndiyo sandarusi ya kubebea mchele na kamba ya wavuvi. Tatizo ni kwamba ardhi haina hazina ya olefini. Ni lazima zitengenezwe.

Njia kuu duniani ni kupasua kwa mvuke. Gesi ya ethani au nafta, ambayo ni sehemu nyepesi ya mafuta, huchanganywa na mvuke wa maji na kupitishwa ndani ya mabomba ya tanuri lenye joto la takriban nyuzi 850 za Selsiasi. Hukaa humo kwa muda usiofika sekunde moja, kisha hupozwa ghafla kabla molekuli mpya hazijaharibika. Mvuke huzitenganisha molekuli na kupunguza makaa yanayoganda kwenye kuta za mabomba. Ukitia ethani, takriban asilimia 80 ya uzito wake hatimaye hutoka ethilini. Ukitia nafta, unapata karibu asilimia 30. Kadiri malighafi inavyozidi kuwa nzito, ndivyo ethilini inavyopungua na makaa yanavyoongezeka.

Sasa fikiria masalio mazito, yale meusi yanayobaki chini ya mnara baada ya petroli, mafuta ya taa na mazutu ya magari kutolewa. Yana asfaltini, salfa, nikeli na vanadi. Ukiyaingiza jinsi yalivyo katika tanuri hilo, mabomba huziba kwa makaa. Ni lazima kwanza uondoe asfaltini kwa kiyeyushi, au uyasafishe kwa haidrojeni, au uyapeleke kwenye mtambo wa aina nyingine unaopasua kwa kichocheo badala ya joto tupu. Kila hatua ni mtambo, kila mtambo ni umeme, maji, mtaji na mafundi. Hata kampuni kubwa kama ExxonMobil ilipotangaza mwaka 2014 kwamba imeanza kupasua mafuta ghafi moja kwa moja huko Singapore, ulimwengu wa kemia uliona ni habari kubwa. Na hayo yalikuwa mafuta ghafi ya kuchaguliwa, si masalio ya chini kabisa.

Watu wa Rumonge hawahitaji mwalimu wa kigeni kuelewa jambo hili. Tunda la mchikichi hutoa mawese kwenye nyama yake. Kokwa hutoa mise, na mise hutoa sabuni. Makapi na vifuu hurudi chini ya pipa kuwa kuni za kuchemshia matunda ya kesho. Mwenye kinu anayeuza mawese tu na kutupa kokwa, jirani yake atamshinda ndani ya msimu mmoja. Faida haiko kwenye kuchuma tunda. Iko kwenye kujua la kufanya na kila kinachobaki.

Afrika Mashariki tulilisahau somo hilo, na tulilipa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963. Kilikuwa cha aina rahisi: kilichuja mafuta ghafi, kikasafisha sehemu nyepesi, basi. Hakikuwa na mtambo wa kupasua masalio. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta mazito ya kuchomwa kwenye matanuri na mitambo ya umeme, bidhaa ya bei ya chini. Kampuni ya Essar ya India iliingia mwaka 2009 kwa nusu ya hisa, mipango ya kukiboresha ikazungumzwa, kisha mwaka 2013 ikaamua kujitoa na usafishaji ukasimama. Kiwanda cha TIPER cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo vyote viwili vinajulikana zaidi kwa matangi ya kuhifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Mombasa ilikuwa na bandari, reli, mafundi na miaka 50 ya uzoefu, na haikuwahi kutoa polithini ya bidoni moja kutoka kwenye masalio yake. Sisi, tusio na bahari wala kiwanda cha kusafishia, tutaanzia wapi?

Binamu yangu atasema: tuanzie kwenye kisima. Basi tuulize kisima kimesema nini. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili katika bonde la Rusizi, kaskazini mwa ziwa, na haikupata mafuta ya kufanyia biashara. Baadaye vitalu vya ndani ya ziwa viligawiwa kampuni nyingine, ikiwemo Surestream ya Uingereza. Upande wa Kongo, karibu na rasi ya Kalamba, mafuta huchuruzika yenyewe kutoka chini ya maji, na wanasayansi wameyachunguza. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna kitu. Nasema kwamba mchuruziko si kisima, kisima si kiwanda, na kiwanda cha kusafisha si kiwanda cha olefini. Anayeruka ngazi hizo tatu kwa sentensi moja anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tupige hesabu kidogo. Tanuri la kisasa la kupasua kwa mvuke hutoa ethilini kiasi cha tani 1,000,000 kwa mwaka, na mengine zaidi. Kwa nafta, hiyo ni zaidi ya tani 3,000,000 za malighafi. Kiwanda ambacho Uganda inapanga kukijenga Kabaale, Hoima, ni cha mapipa 60,000 kwa siku, yaani takriban tani 3,000,000 za mafuta ghafi kwa mwaka. Pipa lote la Hoima, bila kubakiza hata tone la kutilia gari, lisingelishibisha tanuri moja. Ikiwa Hoima yenye visima vilivyothibitika haitoshi, Rumonge yenye uvumi itatosha?

Na bei ya kujaribu ni ipi? Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na limebeba takriban asilimia 17 ya maji yote baridi yaliyo juu ya ardhi ya dunia. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, si kwa kutiririka. Kinachomwagika humo hakiendi mbali. Wapo wanaotutajia Norwe, kwamba ilichimba baharini ikatajirika. Bahari ya Kaskazini inabadilishana maji na bahari kuu; ziwa letu linabadilishana maji na mawingu. Bujumbura inakunywa maji ya ziwa hili. Ndagala na mukeke wanaolisha watoto wa nchi nne hawana ziwa la akiba. Nchi hizo nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Itakuwa aibu mwenyeji wa mamlaka awe wa kwanza kutoboa.

Najua jibu litakalonirudia. "Wewe umesoma, unaweza kusubiri. Maskini hawezi kusubiri." Hoja hii inaniumiza kwa sababu nimetoka kwa hao maskini. Nimepanga foleni ya petroli Bujumbura nikitaka kurudi nyumbani, safari ya kilomita 75 hivi ikanichukua siku nzima. Lakini maskini ndiye wa mwisho kulipwa na kisima, na wa kwanza kulipia ajali yake. Mvuvi hana hisa kitaluni. Ana wavu, na wavu hauhamishiki.

Je, basi tuendelee kuomba bidoni milele? Hapana. Kupinga bila kupendekeza ni kelele, nami sikuandika insha hii kupiga kelele. Mafuta ya Uganda yalithibitika mwaka 2006. Ni mazito, yamejaa nta, na salfa yake ni kidogo. Nta hiyo ndiyo inayolazimisha bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lipashwe moto njiani. Wauzaji wanaiona nta kuwa kero. Mwanakemia anaiona kuwa heri, maana minyororo mirefu ya nta hupasuka vizuri kuliko asfaltini. Tanuri kubwa la mvuke halitufai, nimekwisha kulionyesha. Lakini mtambo wa kupasua masalio kwa kichocheo, unaotoa petroli na propilini kwa pamoja, hauhitaji ukubwa huo. Afrika tayari ina mfano: kiwanda cha Dangote huko Lekki, Nigeria, kina mtambo wa kupasua masalio, na propilini hiyo ndiyo mlango wa kutengeneza polipropilini. Ni kikubwa mara kumi kuliko cha Hoima, lakini njia ni ile ile.

Bomba la Tanga limepangiwa mapipa 216,000 kwa siku. Maana yake ni kwamba kwa kila pipa litakalosafishwa nyumbani, zaidi ya matatu yatasafirishwa ghafi. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Tudai kama wanachama, si kama waombaji: masalio ya Hoima yasigeuzwe kuni kama ya Changamwe, mtambo wa kuyapasua uwemo kwenye ramani tangu mwanzo, nchi zote za jumuiya zifunguliwe mlango wa kununua hisa, na vijana wetu wapelekwe kujifunza kazi hiyo. Mtu ataniuliza kama ziwa Albert halina wavuvi. Linao, na kilio chao ni cha haki. Ndiyo sababu nasema pipa ambalo tayari limeshatobolewa litumike hadi tone la mwisho, ili pasiwe na kisingizio cha kutoboa ziwa jingine.

Kuna neno la mwisho. Amri ya mwaka 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini mwetu, na ilianza kubana mwaka 2020. Tulijifunza kwamba plastiki nyingi tuliyoililia hatukuihitaji. Tunalolihitaji ni bidoni linalodumu, kreti, kamba na bomba la maji. Mahitaji hayo yanahesabika, na jumuiya moja inaweza kuyatimiza. Hayahitaji kuuza ziwa.

Binamu yangu nitamsomea insha hii likizo ijayo, pale pale mwaloni, mbele ya wazee wale wale. Akinishinda kwa hoja, nitakubali. Ila aje na hesabu: tani ngapi, kutoka kisima kipi, katika tanuri la nani. Akija na uvumi tu, nitamwomba anyanyue upande mmoja wa bidoni la mama, mimi nishike wa pili, twende sokoni.