Mtoto akipona malaria ya ubongo, nani anapima akili yake?

Huku Likasi, mtoto akiamka kutoka kwenye koma ya malaria, familia nzima inashukuru Mungu. Amefungua macho, amekunywa uji, ameita mama yake. Munganga anatoa ruhusa, tunalipa hospitali, tunarudi nyumbani. Miezi inapita, kisha mwalimu anaanza kulalamika: huyu mtoto anasahau, hafuati masomo, amekuwa muvivu. Wengine wanamchapa. Wengine wanatafuta nani alimroga.

Kumbe chanzo kinaweza kuwa ule ugonjwa wenyewe. Katika malaria ya ubongo, vimelea vinakwama kwenye mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Mtoto anapata degedege, anapoteza fahamu. Dawa inaua vimelea, lakini jeraha linaweza kubaki bila kuonekana kwa macho.

Jirani zetu wa Uganda walilipima jambo hili. Watafiti wa Kampala na wenzao wa Marekani walifuata watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa katika hospitali ya Mulago. Matokeo yalitoka 2008: miaka miwili baada ya kuugua, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na shida ya kukumbuka, ya kujifunza ao ya kuwa makini. Kati ya watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuugua, walikuwa chini ya 1 kati ya 10.

Kupima hivyo kwa njia ya zamani kunaomba mtaalamu na muda mrefu. Ndiyo maana 2015 baadhi ya watafiti hao walitangaza majaribio ya Cogstate, programu ya kompyuta. Karata inatokea kwenye skrini, mtoto anabonyeza ndiyo ao hapana: je, ni nyekundu? Je, uliisha kuiona? Mashine inaandika makosa na mwendo wake.

Je, tununue tu tableti tuzipeleke hospitalini Likasi? Hapana, si haraka hivyo. Mtoto ambaye hajawahi kugusa skrini atachelewa kubonyeza, na mashine itamhesabu kuwa mzito. Maelezo yakitolewa kwa Kifaransa asichokielewa, tunapima lugha, hatupimi akili. Na alama zake zilinganishwe na za watoto wa Shituru, wa Panda, wa Kikula, si za watoto wa Ulaya. Kazi hiyo lazima ifanyike kwanza. Tena namba kwenye skrini haitoshi: mtoto akionekana ana shida, nani atamsaidia?

Kwa hiyo, cha kwanza tunachopaswa kudai kwa wakubwa wa afya si mashine. Ni tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye karatasi ya kutoka hospitali, mtoto aangaliwe tena baada ya miezi: masikio, macho, kusema, kukumbuka. Chombo cha kidijitali kitasaidia pale ambapo njia hiyo ipo tayari.

Wakati tunangoja, mzazi, mwambie mwalimu kwamba mtoto alipita kwenye koma. Degedege ikirudi, mpeleke hospitali siku ile ile. Na wewe mwalimu, mbele ya kumwita mtoto muvivu, uliza kwanza: aliuguaka nini?