FUNDI WA MASHINE: Herufi zikigeuka visanduku

Jambo kwenu wa Butembo na Beni, jambo pia kwenu familia mlio kule machimboni Manguredjipa, ambako gazeti letu hufika juu ya pikipiki, na wakati wa mvua linafika limelowa.

Safari hii tunaacha redio na paneli za jua. Kijana mmoja mwenye sekretaria Butembo alinijia na flashi na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ni ukurasa wa kitabu cha nyimbo za Kinande, uliochapwa miaka mingi iliyopita, safi kabisa. Ya pili ni ukurasa ule ule, lakini umetoka katika mashine yake mpya. Mahali pengi palipokuwa u yenye mkia chini, sasa imekaa herufi þ, ambayo kwetu hakuna mtu anaijua. Mahali pengine kuna kisanduku kitupu. Kitabu kilikuwa na kurasa 48, sasa ziko 51. Korali inangoja, na pesa ya karatasi imekwisha kutolewa. Akaniuliza: « Papa fundi, nilitafuta programu mpya ili kazi iende mbele. Mbona imerudi nyuma? »

Ninajua wako wengine mingi wenye shida hii, basi tuijibu mbele ya wote.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mashine zetu zinazosema Kifaransa zinaandika « police ». Mwanafunzi mmoja aliposoma kwenye kioo « polices manquantes » alisimama haraka akidhani kuna mtu anatafutwa! Hapana, mwanangu. Ni seti ya maumbo ya herufi tu. Wanaotoka Kampala wanasema fonti, na sisi tutasema vile.

Sasa ushike jambo hili, sababu yote yanatoka hapo. Mashine haiweki umbo la herufi ndani ya fishie. Inaweka namba. A kubwa ni 65, a ndogo ni 97. Fonti njo inakuja kuvalisha ile namba umbo unaloliona. Zamani fonti moja ilikuwa na nafasi 256 tu, na watu wa Ulaya Magharibi walizijaza kwa herufi zao. Zetu hazikupata kiti.

Na Kinande kinazihitaji. Ee wewe unayekisema nyumbani, tamka erihuka, kupika, kisha erihuma, kupiga. Ile u si sauti moja. Lugha yetu iko na vokali saba, na alfabeti tuliyofundishwa iko na tano. Wengi wetu tunaandika u moja tu na msomaji anajitafutia mwenyewe. Lakini wataalamu wa lugha, na watu wengine wanaopenda usahihi, wanatia mkia chini ya herufi: į, ų.

Basi mafundi wa wakati ule walifanya nini? Walichukua kiti cha herufi ambayo hapa hakuna mtu anaitumia, kwa mfano þ ya watu wa Iceland, namba 254, wakafuta umbo lake na kuchora ų mahali pale. Siwacheki, mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Ni kama mfanyabiashara wa Butembo anayetia maharagwe ndani ya magunia yaliyoandikwa « sukari ». Watu wote wa depo yake wanajua, hakuna matata. Siku magunia yanahamia Beni, yule anayepokea anasoma maandishi ya gunia na kuandika sukari ndani ya kitabu chake. Hajakosa. Amesoma kilichoandikwa.

Kitabu cha yule kijana kilitengenezwa kwa PageMaker, programu ya kampuni Aldus iliyotoka mwaka 1985, na ambayo Adobe waliipata walipoinunua Aldus mwaka 1994. Toleo la mwisho, la 7, lilitoka mwaka 2001. Baadaye kazi ile ilihamishwa kwenda InDesign. Hapo mujue: InDesign ya mwisho inayoweza kufungua fishie za PageMaker ni CS6, ya mwaka 2012. Ukiwa na fishie za namna ile na mashine ya zamani iliyo na CS6, usiuze mashine ile kwanza! Fungua kila kazi, uiweke katika umbo la InDesign, kisha uza.

Alipotia InDesign mpya, kilichotokea ni hiki. Fonti yake ya zamani ilikuwa ya aina inayoitwa Type 1. Utaijua kwa mkia wa jina la fishie: .pfb, na mwenzake .pfm. Adobe wenyewe njo walioizaa aina hiyo katika miaka ya 1980, na Adobe wenyewe waliiacha mwezi wa kwanza 2023. LibreOffice ilikuwa imekwisha kuiacha tangu toleo la 5.3, mwaka 2017. Fonti ingali ndani ya mashine, lakini programu inapita kando yake kama haiioni. Inachukua fonti nyingine, nayo inasoma 254 kwa uaminifu: þ. Gunia limefika Beni.

Na visanduku? Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na wa kwanza. Kurasa zile ziliandikwa upya na dada yake miaka ya karibuni, kwa utaratibu wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza ni la 1991. Huko kila herufi ya dunia iko na namba yake peke yake: ų ni 371, į ni 303. (Walipata namba mapema juu ya Walithuania, wanaozitumia katika lugha yao. Sisi tumepanda gari ya watu.) Maandiko ya dada yule ni mazuri, namba ni ya kweli, lakini fonti iliyochaguliwa haina umbo la 371. Ikikosa umbo, inachora kisanduku. Kwa hiyo kisanduku kinataka dawa ndogo: ubadilishe fonti tu. Þ inataka ubadilishe maandiko yenyewe. Watu wengi wanakimbilia kubadilisha fonti mara kumi, bure tu, na þ inabaki inawatazama.

Kuna ugonjwa wa tatu, na huo ulinitia haya kubwa. Mwaka fulani, familia moja ya Beni ilikuwa na matanga. Waliandika maneno ya mazishi katika telefone, wakanitumia, mimi nikayafungua kwa programu yangu ya zamani, usiku, kwa moto wa grupu, mafuta yanakaribia kwisha. Nikachapa karatasi 200 na kuzifunga. Asubuhi, pale nyumbani kwa marehemu, Mama Thérèse alikuwa ameandikwa « ThÃ©rÃ¨se ». Kila karatasi. Mtoto wake wa kwanza hakunikemea. Alitafuta biki, akakaa kwenye ukuta, akaanza kusahihisha jina la mama yake, moja moja, watu wakiingia. Nilikaa karibu naye na biki nyingine. Hatukumaliza zote.

Ukiona Ã imeshikamana na alama ya ajabu mahali pa é au è, hapo fonti haina kosa. Herufi moja imehifadhiwa kwa vipande viwili, kwa mtindo unaoitwa UTF-8, na programu inasoma kila kipande kama herufi nzima. Usisahihishe kwa mkono, tena usiweke (yaani usibonyeze ile ya kuhifadhi)! Funga, fungua tena, na programu ikiuliza mtindo wa maandishi, chagua Unicode UTF-8. Ukihifadhi katika hali ya ubovu, kesho utakuwa na ubovu juu ya ubovu.

Turudi kwa kitabu cha nyimbo. Tulikaa naye siku mbili. Kwanza tulifanya kopi ya fishie, na ile ya asili tukaificha katika flashi nyingine. Kisha tukatafuta fonti inayojua herufi zetu. Ziko, na ni za bure kwa haki, si za kuiba: Gentium, Charis SIL, na moja inayoitwa Andika. Ndiyo, Andika, neno letu la Kiswahili. Shirika la SIL waliitengeneza kwa watu wanaoanza kujifunza kusoma, na umbo la kila herufi halifanani na la jirani yake. Kwa vitabu vya watoto siioni nyingine ya kuishinda. Kwa nyimbo tulichukua Gentium, sababu Andika ni pana na ingekula kurasa.

Kisha kubadilisha þ kuwa ų. Hapa uwe na macho. Kwa þ hakuna hatari, hakuna neno la Kifaransa lenye þ. Lakini fonti ile ilikuwa imeweka į katika kiti cha ù, namba 249. Ukiamuru mashine ibadilishe kila ù, basi « où » ya Kifaransa katika utangulizi inakuwa « oį », na hakuna atakayeelewa. Kwa hiyo katika dirisha la kutafuta na kubadilisha, uiambie mashine itafute paka katika maandiko yaliyovalishwa fonti ile ya zamani. InDesign inaweza, LibreOffice pia. Ukianza kwa kubadilisha fonti ya kitabu kizima, umepoteza alama hiyo, hutajua tena ipi ni Kinande na ipi Kifaransa. Maandiko kwanza, fonti baadaye.

Neno juu ya mkia wenyewe. Kuna mkia unaogeukia kulia, wa ų, na kuna mkia wa ç ya Kifaransa. Kwa macho ya mzee vinafanana, kwa mashine ni vitu viwili. Ule wa ç hauna herufi nzima kwa u. Mashine inaandika u halafu namba 807 kuutia chini. Chagueni mmoja, kitabu kizima, la sivyo mtu akitafuta neno atalipata nusu. Mukitia na alama ya toni juu, ų́, hakuna namba moja inayobeba yote, na fonti dhaifu itatupa alama ile kando kama kofia iliyoanguka. Zile tatu nilizotaja zinaiweka mahali pake.

Na zile kurasa tatu zilizozidi? Fonti ya badala ilikuwa pana kidogo, mistari ikasukumana. Msione ni kitu kidogo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo 48 ni karatasi 12, lakini 51 inakulazimisha 52, ni karatasi 13. Kwa vitabu 500, hiyo karatasi moja ni rimu nzima. Tulipunguza ukubwa wa herufi kwa nusu pointi, mistari ikarudi.

Wenye kupeleka kazi Kampala, pale Nasser Road kwenye wachapaji, msipeleke fishie ya InDesign peke yake. Pelekeni PDF yenye fonti zote zimefungwa ndani. Kuhakikisha ni rahisi: ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, angalia orodha ya fonti. Kando ya kila jina lazima pawe na maneno yanayoonyesha kwamba imefungwa ndani. Jina lisilo na maneno yale litavalishwa nguo za watu huko Kampala, na wewe utaliona baada ya kuvuka Kasindi na maboksi. Mukichapia hapa hapa na mashine ikaruka herufi ambazo kioo kinazionyesha vizuri, katika dirisha la kuchapa la Adobe Reader kuna nafasi ya kuchapa kama picha. Inakwenda polepole, lakini mara nyingi inasaidia.

Kitabu kimerudi kurasa 48. Tulichapa kimoja cha kwanza, tukampa mama mmoja wa korali akiimbe kuanzia mwanzo hadi mwisho, siyo kukisoma. Kwenye ukurasa wa 31 alinyamaza, akaweka kidole. Þ moja ilikuwa imebaki.