Namba ya chuo kikuu duniani hupatikanaje?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali huwa moja: chuo fulani ni cha ngapi duniani? Wapo wazazi wanaouza ng'ombe kwa sababu ya namba hiyo, kwa hiyo tuone inakotoka.

Kwanza, orodha si moja. Watayarishaji ni kampuni na taasisi tofauti, na kila mmoja ana mizani yake.

Ile ya Shanghai, China, ilianza mwaka 2003. Asilimia 30 ya alama zake ni tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati: 20 kwa wahadhiri walioshinda, 10 kwa waliosoma chuoni hapo. Hizo 10 ndizo zinazoitwa kipimo cha ubora wa elimu! Jinsi mhadhiri anavyofundisha hakuna anayekwenda kuangalia. Na kwa upande wa wahadhiri, Nobel ya fasihi, kama aliyopata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021, haihesabiwi. Asilimia 20 nyingine ni makala kwenye majarida mawili tu, Nature na Science. Chuo kinachotoa walimu wazuri wa sekondari kitapata wapi alama hapo?

QS ya Uingereza huuliza watu. Asilimia 30 ni maoni ya wanataaluma na 15 ya waajiri, yaani karibu nusu ya alama ni sifa, na mwenye jina tayari ndiye anayetajwa. Idadi ya wanafunzi kwa kila mhadhiri, jambo litakalomgusa mwanao kila siku, ina asilimia 10.

Webometrics ya Hispania, inayotajwa sana na magazeti yetu, hutazama mtandao. Kwa miaka mingi nusu ya alama zake zimetokana na tovuti nyingine kuunganisha kwenye tovuti ya chuo. Tovuti ikiboreshwa, chuo kinaweza kupanda bila maabara kuongezeka.

Sisi tungeanzia kwingine. Kabla ya kulipa ada, fungua tovuti ya TCU kwenye simu, uone kama kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu umuulize: mafunzo kwa vitendo mnafanyia wapi, na kifaa kimoja mnagawana wangapi?