Limiti Kubwa Haijengi Jina

Kuna ushauri unaozunguka Malindi, Watamu na Kilifi mjini, na hakuna anayeupinga. Kijana akipata kazi ya kwanza anaambiwa akope, hata kama hana shida. Achukue mkopo wa simu wa M-Shwari wa elfu mbili, alipe kabla ya siku, achukue tena, limiti ipande, CRB, wanaotunza rekodi za wakopaji, wamjue. Mwishowe benki itamfungulia mlango. Wenye kazi za ofisini nao wanahimizwa watafute kadi ya mkopo kwa hoja hiyo hiyo. Mimi nasema ushauri huu ni mbovu, na kwa watu wa pwani hii ni mbovu mara mbili.

Tuanze na hesabu. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa elfu mbili ni shilingi 150. Anayekopa na kulipa kila mwezi ili eti ajenge historia, mwaka ukiisha ametoa shilingi 1,800 kwa pesa ambazo hakuwa na haja nazo. Karibu sawa na mkopo wenyewe! Na hiyo ni kama hakuteleza hata mwezi mmoja.

Kule Marekani ushauri huu una mashiko. Alama ya FICO ipo tangu 1989, na anayekupangisha nyumba huiangalia kabla hajakupa ufunguo. Mwenye vyumba wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, hana habari na alama ya CRB ya Metropol inayoanzia 200 hadi 900. Yeye anataka kodi ya mwezi na deposit, basi. Benki nayo, ukiiendea kwa mkopo wa maana, wa kununua mashine ya boti tuseme, itauliza payslip au hati ya shamba. Hapo ndipo pwani inapokwama. Katika ukanda wa maili kumi, tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, kuna familia zinazolima na kuzika wazee wao kwenye ardhi ambayo kwa maandishi si yao. Limiti yako ya Fuliza ikipanda hadi elfu kumi, hati haiji.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kalenda. Mkopo wa simu hujua siku 30. Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 2022, ina riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka lakini hutaka pesa zake ndani ya siku 14. Sisi huku tunaishi kwa misimu. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, boti hutoka, na mama karanga hupata samaki wa kukaanga kila jioni. Kusi likishaingia, mvuvi wa mtumbwi anaweza kukaa wiki nzima akishona nyavu. Hotelini ni vivyo hivyo: Pasaka ikipita wageni wanapungua, baadhi ya hoteli zinafungwa, na mhudumu aliyekopa Machi akiwa na mshahara na bakshishi anadaiwa Mei akiwa kwao Ganze hana kitu. Je, huyo si mwaminifu? Mashine haiulizi. Inahesabu siku tu.

Akichelewa sana anaorodheshwa CRB, na taarifa mbaya hubaki kwenye faili miaka mitano hata baada ya kulipa. Anapoomba kazi tena anaambiwa alete cheti cha CRB. Mwaka 2020 Benki Kuu ilizuia watu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na Novemba 2022 ikatangaza mpango wa kuwasafisha Wakenya wapatao milioni 4.2 waliokwama kwenye mikopo ya simu. Milioni nne! Wote hao walikuwa na historia ya mkopo, tena iliyoandikwa vizuri sana.

Watakaonijibu kwamba bila rekodi benki haikujui wana haki kidogo. Mwalimu au muuguzi wa kaunti, mwenye mshahara usiokatika, anaweza kufaidika na rekodi safi. Lakini huyo payslip yake inamsemea. Hana sababu ya kununua deni ili ajulikane.

Tazama daftari la duka la mtaani. Wadeni wameandikwa kwa lakabu, unga na sukari vimepangwa kwa tarehe, na aliyelipa mstari wake umekatwa kwa kalamu nyekundu. Utakuta ukurasa wa mvuvi umejaa Juni na Julai bila kukatwa hata mstari, kisha Desemba wote umekatwa kwa mpigo. Mwenye duka si malaika, bei ya mkopo mara nyingine huongezwa shilingi mbili tatu, lakini anajua kusi ni nini. Kwa daftari lile mvuvi yule ni mteja mzuri. Kwa CRB ni mdaiwa sugu.

Basi Benki Kuu, ambayo tangu kanuni za 2022 ndiyo inayowapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, iwatake watoe mikopo inayolipwa kwa msimu. Nawe msomaji, ripoti yako ya CRB ni haki yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe, uisome, na kama imekosewa lalamika kwa maandishi. Kukopa, kopa ukiwa na haja, na hata hapo ukijua Mei utalipa na nini.