Pomboo alitupa silaha yake

Wadau, madesa yetu ya baiolojia yananikera: mageuzi yanaelezwa kama ngazi, eti kiumbe anapanda tu. Si kweli! Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba nyangumi wenye meno, pomboo wakiwemo, walishapoteza jeni za Mx zinazosaidia mamalia kupambana na virusi. Nyangumi wasio na meno bado wanazo. Huenda zamani kirusi fulani kilizitumia jeni hizohizo kumdhuru mwenyewe, aliyezikosa ndo akapona. Sawa, ila kati ya 2013 na 2015 virusi, ndugu wa surua, vilizoa pomboo pwani ya mashariki ya Marekani. Zaidi ya 1,600 walikwama ufukweni. Jamani mnaokwenda BTP, twiga na shingo yake apumzike kidogo.